Maua Yanayostahimili Jua la Kaskazi: Majibu kwa Wanaoanza Bustani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: jua la Desemba hadi Machi, na maua yanayokufa mikononi mwa watu wanaoyajali kweli. Tumechagua zile zinazogusa wengi. Atakayezisoma zote ataona tunarudi kwenye maji kila mara. Tunafanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu kwenye vyungu vya wanaoanza maji yaliyozidi huharibu mengi kuliko jua.

SWALI: Habari za kazi. Nimehamia nyumba ya kupanga Tabata, Dar es Salaam. Baraza yangu inapigwa na jua kuanzia saa nne asubuhi hadi magharibi. Sijawahi kupanda ua lolote. Nianze na maua gani yatakayochanua kiangazi bila kunisumbua?
Mpangaji, Tabata

JIBU: Nzuri, karibu sana. Kwa jua hilo, mwaka wa kwanza shika aina tatu tu: vinka, potulaka na zinia.

Vinka ni lile ua la petali tano bapa, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo mara nyingi hujiotea lenyewe kwenye nyufa za saruji. Asili yake ni Madagaska, kwa hiyo joto la Dar haliliogopeshi. Maua yaliyochakaa hudondoka yenyewe, huna kazi ya kuyachuma.

Potulaka ina vijani vyembamba vilivyonenepa kwa maji. Maua yake hufunguka jua likiwaka na kufunga jioni au siku ya mawingu, usije ukadhani inaumwa. Hakuna haja ya kuinunua. Omba kwa jirani vipande vya sentimita 8 hadi 10, pukusua vijani vya chini, uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Baada ya wiki mbili hivi vitakuwa vimeshika.

Zinia hupandwa kwa mbegu, palepale itakapokulia, kwa sababu miche yake haipendi kuhamishwa. Fukia mbegu kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja. Itaota ndani ya siku 4 hadi 7 na kuchanua baada ya wiki 8 hadi 10, kwa hiyo anayetaka maua ya Januari apande mwanzoni mwa Novemba. Mche ukifika sentimita 15 hadi 20, kata ncha yake juu ya jozi ya majani. Utaona huruma, lakini ukate: mche uliokatwa ncha hutoa matawi ya pembeni na maua mengi, ambao haukukatwa hurefuka, hutoa ua moja juu, kisha huangushwa na upepo.

Chungu kiwe na upana wa sentimita 25 hadi 30. Ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20 inafaa kabisa ukiiosha vizuri na kuitoboa matundu matano au sita chini, kila moja upana wa kidole kidogo. Wengi huweka tabaka la kokoto chini wakiamini linasaidia maji kutoka. Halisaidii. Maji hukwama kwenye udongo ulio juu ya kokoto badala ya kushuka, na mizizi inapokonywa nafasi. Jaza udongo hadi chini, na ukiogopa utavuja, ziba matundu kwa kipande cha chandarua kuukuu.

Mchanganyiko wa udongo ni makopo mawili ya udongo tifutifu, kopo moja la samadi iliyooza na kopo moja la mchanga wa mto. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi. Samadi iliyooza haina tena harufu ya zizi na inapukutika mkononi. Iliyo mbichi huunguza mizizi ya mche mchanga.

Utauziwa petunia na waridi, maana kitaluni vinapendeza kuliko hizi tatu. Viache kwanza. Petunia hudhoofika kwenye joto la usiku lenye unyevunyevu la Pwani, na waridi hudai kupogolewa na kuchungwa na magonjwa kila wiki.

SWALI: Ndugu wahariri, vinka zangu nazimwagilia asubuhi na jioni. Wiki mbili sasa zinanyauka. Nikiona zimenyauka naongeza maji, lakini zinazidi. Moja shina lake limekuwa jeusi chini karibu na udongo. Zinataka nini?
Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Mama, zinataka uache maji. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na hewa hiyo iko kwenye vinafasi vidogo vilivyo kati ya chembe za udongo. Ukimwagilia kabla udongo haujakauka, vinafasi hivyo vinabaki vimejaa maji, mizizi inakosa pumzi, kisha inashambuliwa na vimelea vya kuoza. Mzizi uliooza hauwezi kuvuta maji hata ukisimama ndani ya maji, ndiyo maana jani linanyauka sawasawa na la mmea wenye kiu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanaona dalili ya kiu na kuongeza chanzo cha ugonjwa.

Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, kama sentimita 5. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kukiwa kukavu, mwagilia polepole hadi maji yatoke chini. Chungu cha sentimita 25 kitachukua lita 1 hadi 1 na nusu. Baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Kwenye kiangazi cha Tanga, vinka iliyoshika vizuri itaomba maji kila baada ya siku mbili au tatu, si mara mbili kwa siku. Mwagilia asubuhi na uelekeze maji kwenye udongo, si juu ya majani. Na ukiuona mmea umelegea saa nane mchana huku udongo una unyevu, subiri: ukisimama tena jioni, lilikuwa joto tu.

Ule wenye shina jeusi hauponi. Kata ncha zake za juu ambazo bado ni za kijani na ngumu, sentimita 8 hadi 10, uzipande upya kwenye mchanga mahali penye kivuli chepesi. Mmea wenyewe na udongo wake utupe mbali na vyungu vingine. Osha chungu kwa dawa ya kuondoa madoa, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, kisha ukianike juani. Hiyo mingine ambayo shina bado zima, iache ikauke mpaka kidole kikuambie vinginevyo.

SWALI: Hamjambo. Nina bogenvilia tatu ukutani, Nyali. Zina miaka minne, majani ni mengi na ya kijani kibichi, lakini maua hakuna, labda matano kwa mwaka. Za jirani zimewaka. Mtunza bustani wangu huzimwagilia kila asubuhi, huziwekea samadi ya kuku kila mwezi na kuzikata kila wiki mbili ziwe nadhifu.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hatujambo. Mtunza bustani wako ni mchapakazi, na bogenvilia ndiyo mmea usiotaka uchapakazi huo. Mambo yote matatu anayofanya yanazuia maua, kila moja kwa njia yake.

Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni hujenga majani. Maji ya kila siku huuambia mmea uendelee kurefuka. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo ukavu ndio ishara kubwa tunayoweza kuupa mmea huu ili uchanue. Za jirani huenda hazimwagiliwi kabisa. Na mkasi wa kila wiki mbili unaondoa ncha changa, ambazo ndizo hubeba maua. Hata mkiacha maji na samadi lakini mkasi ukaendelea, hamtaona kitu.

Fanyeni hivi. Samadi isimame kabisa kwa miezi mitatu. Mkasi usimame pia, ila kwa tawi linaloziba njia. Mmea wa miaka minne ulio ardhini umwagilieni mara moja kila baada ya siku 10 hadi 14 wakati wa kiangazi, ndoo ya lita 20 polepole, si karibu na shina bali pale matawi yanapoishia. Wenye bogenvilia kwenye chungu wangoje hadi vijani vya ncha vilegee kidogo, ndipo wamwagilie mpaka maji yatoke chini, kisha wangoje tena. Baada ya wiki tatu hadi sita mtaanza kuona rangi kwenye ncha. Hapo maji yasikatwe tena kwa ukali, maana mmea uliokauka sana wakati umeshachanua hupukutisha kila kitu kwa siku chache.

Ile sehemu yenye rangi si petali. Ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe katikati. Hii ndiyo sababu rangi hudumu wiki nyingi ilhali maua ya mimea mingine huisha kwa siku chache.

Rangi ikififia, ndipo mkasi ufanye kazi: punguzeni kila tawi lililochanua kwa theluthi moja, na vaeni glavu nene kwa ajili ya miiba. Machipukizi mapya yakitoka, mmea wa chungu cha lita 20 upewe kijiko kimoja cha mezani cha mbolea ya NPK 17:17:17, kinyunyizwe pembeni mwa chungu na kumwagiliwa, kisha kirudiwe baada ya wiki sita. Ya ardhini huenda isihitaji hata hicho. Kama ukuta una kivuli na jua ni chini ya saa tano kwa siku, mengine yote hapo juu hayatasaidia, ni kuhamia ukuta mwingine.

Msiing'oe hiyo ya miaka minne, lakini. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika kirahisi, mmea mkubwa ukihamishwa, kwa kawaida haufi papo hapo bali hunyong'onyea kwa miezi. Afadhali vipandikizi: matawi ya unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, yenye vifundo vitatu au vinne, yachomekwe kwenye mchanga kivulini. Subirini wiki 6 hadi 12, na msivute kuangalia kama yameshika.

SWALI: Assalamu alaikum. Niko Jambiani, Unguja. Hibiskasi zangu majani mapya yanatoka ya manjano, ila mishipa yake inabaki ya kijani. Udongo wetu ni mweupe wenye mawe. Nimeongeza majivu, naona yanazidi.
Msomaji wa Kusini Unguja

JIBU: Waalaikum salaam. Udongo wako umetokana na mawe ya matumbawe, una chokaa nyingi. Madini ya chuma yamo humo, lakini chokaa inayafunga na mizizi haiwezi kuyachukua. Ukiona jani changa la manjano lenye mishipa ya kijani, shuku chuma. Manjano ikianzia majani ya zamani ya chini, na jani zima likawa la rangi moja, hapo upungufu ni wa naitrojeni na samadi itatibu. Ni vizuri kutofautisha kabla ya kununua chochote.

Majivu yaache leo hii. Nayo hupunguza uasidi wa udongo, kwa hiyo umekuwa ukiongeza tatizo lilelile. Misumari yenye kutu, ambayo watu hushauriana kufukia, haisaidii: kutu nayo hufungwa na chokaa. Kinachofanya kazi ni mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA kwenye pakiti, kwa sababu aina hiyo hubaki inachukulika hata kwenye udongo wa chokaa. Fuata kipimo cha pakiti, mwaga kwenye udongo na si majanini. Majani mapya yatatoka ya kijani; ya zamani huenda yasibadilike.

Kwa mmea mpya, chimba shimo la sentimita 50 kwa 50, kina kilekile, ondoa mawe, jaza udongo mwekundu na mboji kwa vipimo sawa, ukitandaza majani makavu juu sentimita 5. Ukikosa nguvu ya kuchimba jiwe, tumia ndoo ya lita 20. Na kama nyumba inapigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, upande huo weka bogenvilia au waridi la jangwani (adeniamu, si waridi la kawaida), ambazo huvumilia chumvi kuliko hibiskasi.

SWALI: Hibiskasi yangu ina vitu vyeupe kama pamba kwenye vifundo na sisimizi wanapanda na kushuka. Nimepiga dawa ya mbu ya kopo, majani yakaungua.
Bagamoyo

JIBU: Hao ni vidung'ata. Wanafyonza utomvu na kutoa majimaji matamu. Sisimizi wanayala na kuwalinda wadudu hao dhidi ya maadui zao, kwa hiyo lazima uzuie wote wawili. Dawa ya kopo imetengenezwa kwa chumbani, usiipulize tena kwenye mmea.

Wakiwa wachache, chovya pamba kwenye spiriti uwafute mmoja mmoja. Wakiwa wengi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita 1 ya maji. Jaribu kwenye majani mawili, ngoja siku moja. Kama hayakuungua, nyunyiza mmea wote jioni, hasa chini ya majani, mpaka wadudu walowe. Sabuni humuua mdudu inayemgusa tu. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa mara moja. Sabuni ya unga usitumie. Sisimizi wazuie kwa kuzungusha utepe wa plastiki kwenye shina na kuupaka grisi, na hakikisha hakuna tawi linalogusa ukuta, la sivyo watapitia huko.

SWALI: Niko Kitengela. Udongo ni ule mweusi unaopasuka, na maji tunanunua kwa lori. Naweza kumwagilia maua maji ya kufulia?
Baba Kitengela

JIBU: Maji ya kusuuzia, ndiyo. Maji ya kwanza yenye povu, hapana: sabuni nyingi za unga zina sodiamu, na sodiamu huufanya udongo wa mfinyanzi kama wako ugande zaidi na kukataa maji. Yakiwa na dawa ya kuondoa madoa pia usitumie. Tumia ya kusuuzia siku hiyohiyo kabla hayajanuka, na kila baada ya mara mbili au tatu mwagilia maji safi ili kusukuma chumvi chini.

Udongo huo usipambane nao kwa jembe. Jenga tuta juu yake, kimo cha sentimita 25 hivi, kwa udongo mwekundu na samadi iliyooza. Kwa hewa yenu ya usiku yenye ubaridi una bahati ya kupanda ambavyo Pwani havipendi: gazania na pelagonia. Gazania ndiyo tungeipa nafasi ya kwanza, ikishashika hukaa na kiu muda mrefu. Tandaza nyasi kavu sentimita 5 kati ya miche, bila kugusa mashina, na lori utaliita mara chache zaidi.

SWALI: Assalamu alaikum kutoka Muscat. Nilipanda petunia mwezi wa tano, zimekufa zote. Nifanye nini kiangazi hiki?
Bibi wa Muscat

JIBU: Waalaikum salaam, bibi yetu. Petunia hazikuwa na kosa, ni kalenda. Oman maua laini ya msimu hupandwa Oktoba au Novemba na kumaliza kazi yake Aprili. Kuanzia Juni, joto likipita nyuzi 40, usipande wala kuhamisha kitu, tunza tu ulivyonavyo. Vinavyostahimili ni bogenvilia, vinka, potulaka na waridi la jangwani.

Sogeza vyungu mahali penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia adhuhuri. Tumia vyungu vya rangi nyepesi, maana cheusi huchemsha mizizi. Mwagilia baada ya sala ya alfajiri, na kabla ya hapo acha maji yaliyolala kwenye mpira yatoke kwanza. Mchana maji hayo hutoka ya moto kiasi cha kuunguza mmea.

SWALI: Nina mtoto wa mwaka mmoja anayeweka kila kitu mdomoni. Nipande nini na nisipande nini?
Dada wa Ilemela, Mwanza

JIBU: Oleanda usipande kabisa, wala ule mti wa maua ya manjano ya kengele unaoitwa theveshia. Vyote viwili vina sumu ya moyo. Waridi la jangwani nalo lina sumu hiyohiyo kwenye utomvu wake, uliotumika Afrika kupaka mishale. Vinka, pamoja na kwamba imetupa dawa muhimu za saratani, haifai kuliwa. Zinia na hibiskasi hazina shida hiyo. Mtoto akitafuna ua usilolijua, futa kinywa chake, usimlazimishe kutapika, mpeleke hospitali na uchukue kipande cha mmea huo.

SWALI: Mbegu za zinia nilizovuna zimetoa maua ya rangi tofauti na ya mwanzo, mengine madogo. Nimeharibu wapi?
Mwalimu, Lindi

JIBU: Hujaharibu, mwalimu. Wadudu hubeba chavua kutoka zinia moja hadi nyingine, na kama pakiti ya kwanza iliandikwa F1, yaani mbegu chotara, watoto hawafanani na mzazi hata ikipandwa peke yake. Ukitaka rangi moja, nunua mbegu zisizo za F1 na upande rangi hiyo tu. Acha ua zuri kuliko yote likaukie kwenye shina mpaka liwe la kahawia, likate, lianike kivulini wiki moja, kisha pukusua. Mbegu nzuri ni nene na ngumu, zile bapa nyepesi zitupe. Zihifadhi kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu na uandike mwezi uliovuna.